Je, kanvasi ndo inaniharibia picha? Kuchagua kanvasi ya akriliki ukiwa unaanza

Swali: "Habari mtaalamu. Nimeanza kuchora na akriliki miezi kadhaa iliyopita, nilikuwa natumia karatasi na mambo yalikuwa yanaenda vizuri tu. Juzi nikanunua pakiti ya kanvasi za bei ya chini, zimeandikwa pamba tupu na kwamba zimeshapakwa praima. Sasa rangi inakauka kabla sijaisambaza, vinabaki vidoti vyeupe kila mahali hata nikirudia, na ikishakauka inaonekana imefifia. Ile kubwa imelegea katikati, nikibonyeza brashi mstari wa mbao unajitokeza kwenye rangi. Rafiki yangu anasema ninunue kitani, au zile kanvasi za wachoraji wa rangi za mafuta maana ndo bora. Mwingine kasema akriliki inakubali popote, tatizo ni mkono wangu. Nataka nimchore bibi yangu na sitaki kuharibu. Ninunue ipi, na hizi nilizonazo nizitupe?"

Jibu: Usitupe kitu ndugu yangu. Hizo kanvasi karibu zote zinaokoleka. Kabla sijafika kwenye ununue ipi naomba tutenganishe hayo unayoyaona, maana umeyaweka kwenye fungu moja la "kanvasi mbaya" wakati ni matatizo matatu na kila moja lina chanzo chake. Rangi kukauka haraka na kufifia, hilo ni suala la kunyonya. Vidoti vyeupe ni suala la nyuzi zilivyofumwa. Kulegea na mstari wa mbao ni suala la fremu. Katika hayo matatu hakuna hata moja linaloponywa na kitani, kwa hiyo ungetoa hela nyingi afu ukakutana na shida zilezile kwenye kitambaa cha gharama.

Na huyo aliyesema tatizo ni mkono wako sikubaliani naye hata kidogo. Umesema mwenyewe kwenye karatasi ulikuwa unaenda vizuri. Mkono ni uleule, kilichobadilika ni unapochorea. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wengi wanaoanza wanaacha kabisa kuchora wakiamini hawana kipaji, kumbe walikuwa wanapigana na kanvasi yenye koti moja tu jembamba la praima.

Tuanze na jambo ambalo likieleweka mengine yote yanakuwa mepesi. Kanvasi ina vitu vitatu: fremu ya mbao, kitambaa, na ule weupe wa juu unaoitwa jeso, ambao wengi wanauita praima tu. Watu wakienda dukani wanauliza kitambaa, pamba au kitani, nzito au nyepesi, lakini rangi yako haigusi kitambaa, inagusa jeso. Brashi itateleza au itakwama, rangi itakaa juu au itazama, yote hayo kwa sehemu kubwa yanaamuliwa na jeso. Kitambaa kinaamua uimara na mikwaruzo utakayoisikia chini ya brashi. Fremu inaamua kama itabaki imenyooka. Ukiwa unaanza, jeso ndo kitu cha kwanza kukiangalia, fremu ya pili, kitambaa cha mwisho. Najua wauzaji wengi wanapanga kinyume, lakini mi ndo ningekupangia hivo.

Sasa kwanini rangi inakauka mkononi? Akriliki ni unga wa rangi pamoja na chembe ndogo sana za plastiki vinavyoelea kwenye maji. Maji yakiondoka zile chembe zinasogeleana, zinabanana, zinaungana na kuwa utando mmoja, na ukishaungana maji hayaurudishi tena, ndo maana huwezi kuilowesha akriliki iliyokauka ukaendelea nayo kama rangi za maji. Maji yana njia mbili za kutoka, kwenda juu hewani na kwenda chini kwenye unapochorea. Kwenye karatasi uliyokuwa unatumia huenda ilikuwa na gundi nzuri ndani yake, inazuia maji yasizame haraka, kwa hiyo ulikuwa na muda. Kanvasi yako ina jeso chache, kitambaa cha pamba kiko karibu kabisa na uso na pamba inapenda maji, basi unaweka brashi, maji yanavutwa chini papohapo, rangi inakuwa nzito kabla hujaifikisha unakotaka. Ongeza na feni au jua la dirishani, unabaki na sekunde chache tu.

Kufifia nako kunahusiana na hapohapo. Jeso ndani yake kuna plastiki ya akriliki kama ya rangi, kuna chaki na kuna unga mweupe wa titani. Chaki ndo inayofanya uso ukwaruze kidogo na unyonye kidogo ili rangi ishike. Uso ukinyonya kupita kiasi rangi inakauka bila mng'ao, na rangi isiyo na mng'ao inatawanya mwanga kila upande, jicho linaona kama imepauka hasa kwenye nyeusi na bluu nzito. Kuna kipimo rahisi. Chukua kitambaa safi chenye unyevu, pitisha juu ya sehemu iliyokauka vizuri. Kama rangi inarudi kung'aa na kuiva ikiwa na unyevu na inapauka tena ikikauka, basi rangi yako ni nzima, imekosa mng'ao tu, na koti ya midiamu ya kung'aa (ni akriliki kama ya rangi ila haina unga wa rangi) au vanishi mwishoni itairudisha. Kama hata ikiwa na unyevu bado imefifia, hapo ujue rangi yenyewe ina unga kidogo na vijazio vingi, au ulizidisha maji. Fanya hicho kipimo kabla hujalaumu kanvasi, maana mara nyingine ni vyote viwili.

Vidoti vyeupe sasa. Kitambaa kimefumwa, uzi juu uzi chini, kwa hiyo uso wake una vilima na mabonde madogo. Brashi ikipita na rangi nzito inayokauka haraka inagusa vilima tu, mabonde yanabaki meupe. Ukirudia, unaongeza rangi juu ya vilima vilevile, mabonde bado yanakuchungulia. Hapa kuna njia mbili na mi natumia zote. Ya kwanza ni kujaza mabonde kwa jeso kabla hujaanza, ntaeleza. Ya pili ni kutoanza na weupe kabisa: chukua rangi moja ya udongo, okari (ile njano ya udongo) au ile kahawia nyekundu, ichanganye na maji kidogo iwe nyepesi, isugue kanvasi nzima kwa brashi pana kwa kuzungusha mpaka iingie kwenye mabonde yote, iache ikauke. Baada ya hapo hata ukiacha vidoti vitakuwa vya rangi ya udongo yenye joto na kwenye sura ya mtu vinapendeza, vinaonekana kama umefanya makusudi. Wachoraji wa zamani walifanya hivyo karne nyingi kabla akriliki haijakuwepo.

Haya, tuziokoe hizo kanvasi. Nunua kopo la jeso ya akriliki, ya ubora wa kati inatosha. Hapa kuwa makini, kuna jeso ya asili, ya gundi ya wanyama na chaki, iliyokuwa inapakwa kwenye mbao, hiyo ni ngumu na ikikaa kwenye kitambaa kinachocheza inapasuka. Hii ya akriliki ni kitu cha juzijuzi, ilianza kuuzwa mwaka 1955 na Liquitex ya Marekani, kampuni ya Henry Levison, na yenyewe inapinda pamoja na kitambaa. Kwa hiyo kwenye kopo itafutwe iandikwe akriliki.

Ichanganye na maji kidogo, tuseme sehemu moja ya maji kwa nne au tano za jeso, mpaka iwe nzito kama mtindi. Tumia brashi pana yenye nywele laini laini au rola ndogo ya sponji. Koti ya kwanza ipake kwa mwelekeo mmoja, kushoto kwenda kulia, acha ikauke vizuri, saa moja au mbili kutegemea hewa ya ulipo. Koti ya pili ipake juu kwenda chini, ikate ile ya kwanza. Kati ya koti na koti pitisha msasa laini, namba 220 au juu zaidi, kwa mkono mwepesi tu, unaondoa vichongo vya nyuzi vilivyosimama. Vaa barakoa au loanisha msasa, hilo vumbi ni chaki na titani na si la kuvuta kila siku. Kwa mandhari koti mbili za nyongeza zinatosha kabisa. Kwa sura ya mtu weka tatu, hata nne, maana jicho na pembe ya mdomo ni vitu vidogo na uzi mmoja mnene ukipita katikati ya mboni utakusumbua mpaka mwisho. Ila usiende mpaka ukafika uso laini kama kioo, hapo rangi inateleza, brashi inaondoa ilichokiweka, na koti za kwanza zinashika kwa shida. Ukipitisha kidole usikie mkwaruzo mdogo, simama hapo. Iache mpaka kesho yake ndo uchore.

Watu wananiuliza sana, kama imeandikwa imeshapakwa praima kwanini nipake tena? Kwa sababu hayo maandishi yanakwambia ipo, hayakwambii kiasi gani. Kiwandani inapulizwa au inakwanguliwa juu ya roli refu la kitambaa na kwenye kanvasi za bei ya chini wanabana hapohapo. Pima kwa tone la maji. Dondosha tone moja kwenye kona, hesabu taratibu. Likizama mara moja na kuacha doa la unyevu, kanvasi ina kiu, inahitaji jeso. Likitulia kidogo afu likaanza kusambaa polepole, hiyo iko vizuri. Likisimama duara kabisa na kuteleza ukiinamisha, simama, jiulize hiyo kanvasi imepakwa nini.

Na hapo ndo tunaingia kwenye ushauri wa rafiki yako kuhusu kanvasi za mafuta. Ana nia njema ila huu ushauri unaweza kukuumiza kuliko kukosa mng'ao. Kanvasi zinazouzwa zikiwa zimepakwa praima ya mafuta, zile za kitani za bei kubwa hasa, si za akriliki. Akriliki ni ya maji, ukiiweka juu ya utando wa mafuta inakaa tu, haijashika, na leo itaonekana sawa lakini baadaye inaweza kubanduka vipande, mara nyingine ukiikwaruza na ukucha tu. Kinyume chake inawezekana, rangi ya mafuta juu ya jeso ya akriliki inashika, na nadhani hapo ndo watu wanachanganya. Kanvasi nyingi za madukani zimeandikwa zinafaa mafuta na akriliki zote, hizo zimepakwa jeso ya akriliki na wewe ni salama nazo. Ukikuta imeandikwa praima ya mafuta peke yake, iache.

Ule usemi kwamba akriliki inakubali popote una ukweli nusu. Ukweli ni kwamba akriliki haili kitambaa. Mafuta ya kitani yanayotumika kwenye rangi za mafuta yakiingia kwenye nyuzi yanazifanya zikauke na kuvunjika miaka inavoenda, ndo maana wachoraji wa mafuta lazima wazibe kitambaa kwanza. Akriliki haina hiyo tabia, ndo maana Morris Louis na Helen Frankenthaler kule Marekani waliweza kumwaga rangi za akriliki zilizolainishwa moja kwa moja kwenye kitambaa kitupu ikazama ndani ya nyuzi, na kazi zao ziko kwenye makumbusho mpaka leo. Kwa hiyo kanvasi isiyo na jeso haitakuozea. Lakini wao walitaka rangi izame, ndo ilikuwa lengo, we unataka kumchora bibi. Na kuna sehemu akriliki haikubali: mafuta, nta, rangi ya kung'aa ya milango, kioo kisichokwaruzwa. Hadibodi na plaiwudi inakubali ila zina ukahawia ndani unaoyeyuka na maji na kupanda kwenye weupe wako, zinatakiwa kuzibwa kwanza na koti ya midiamu ya akriliki, ikauke, ndo jeso.

Kitani je? Ni kitambaa kizuri, sina ugomvi nacho. Nyuzi zake ni ndefu na zenye nguvu kuliko za pamba, hakivutiki ovyo, na kwa picha kubwa sana au kwa rangi ya mafuta ambayo ikizeeka inakuwa ngumu na inataka kitu kisichocheza, kinastahili bei yake. Utando wa akriliki wenyewe unabaki na ulaini, unacheza pamoja na pamba, kwa hiyo faida kubwa ya kitani kwako inapungua sana. Afu kuna jambo ambalo halisemwi, kanvasi ya gharama inamfanya mwanafunzi aogope. Anaiangalia wiki nzima, anachora kwa kubana, hathubutu kufuta. Ukiwa unaanza unahitaji kanvasi ambayo uko tayari kuipaka jeso juu na kuanza upya bila moyo kukuuma. Pamba inatosha, na itakutosha kwa miaka.

Kuna poliesta pia na mchanganyiko wa poliesta na pamba. Wengine wanazidharau ila si mbaya, hazilegei na unyevu kama pamba na nyuzi zake huwa laini sawasawa. Shida ni kwamba kwenye bei ya chini mara nyingi huwa nyembamba mno, kwa hiyo angalia unene.

Kuhusu unene, utaona namba za gramu kwa mita mraba, 280, 320, 380 na kadhalika. Nyingine wanaandika kwa aunsi, aunsi moja kwa yadi mraba ni kama gramu 34 kwa mita mraba, kwa hiyo aunsi 10 ni karibu gramu 340. Mtego ni kwamba kampuni nyingine zinapima kitambaa kitupu na nyingine zinapima kikiwa na jeso juu, kwa hiyo 380 ya huyu inaweza kuwa nyembamba kuliko 300 ya yule. Muulize muuzaji, asipojua, inua kanvasi kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vitobo vidogo vya mwanga vimejaa kote hiyo ni nyembamba au jeso ni chache, au vyote. Ukiona mwanga hafifu uliosambaa sawa, iko vizuri.

Sasa ile iliyolegea. Igeuze nyuma uangalie pembe nne. Kanvasi nyingi zinakuja na vipande vidogo vya mbao au plastiki kwenye kimfuko, viko vinane, watu wanavitupa wakidhani ni vya kutundikia. Zile ni kabari. Zinaingia kwenye nafasi zilizo pembeni, mbili kila kona, na ukizigonga taratibu kwa nyundo ndogo zinasukuma mbao zitanuke na kitambaa kinakazika. Weka kipande cha karatasi ngumu kati ya kabari na kitambaa usije ukakigonga, zunguka kona zote kidogo kidogo, usimalize kona moja ndo uhamie nyingine maana utaipindisha. Kama fremu yako imegundishwa na haina nafasi za kabari, pulizia maji nyuma ya kitambaa, unyevu tu usilowanishe, afu iache ikauke ikiwa imelala. Pamba ikikauka inajivuta. Msaada wa maji ni wa muda, hewa ikibadilika inaweza kulegea tena, ila inakusukuma umalize kazi. Zile koti za jeso nazo zitaikaza kidogo, kwa hiyo kaza kabari baada ya jeso kukauka, usikaze kabla ukazidisha.

Mstari wa mbao unatokea kwa sababu kitambaa kinagusa ukingo wa ndani wa fremu unapobonyeza. Fremu nzuri upande wa mbele mbao yake imechongwa mteremko, ukingo wa nje umeinuka na wa ndani umeshuka, kitambaa kikigusa kinagusa nje tu. Ya bei ya chini mbao ni bapa. Dawa ya haraka ni kuingiza karatasi ngumu nyembamba kati ya mbao na kitambaa, au kitabu kisicho kinene katikati nyuma, uchore, utoe. Ukienda kununua nyingine pitisha kidole nyuma usikie huo mteremko kama upo.

Ununue ipi basi. Kwa sasa hivi ningekushauri ununue za aina mbili. Kwa mazoezi chukua kanvasi bodi, kitambaa kilichogundishwa kwenye kadibodi ngumu, au padi ya kanvasi yenye kurasa za kuchana. Angalia isiwe karatasi iliyogandamizwa michoro ya nyuzi, hizo zinaitwa kanvasi ila ni karatasi, geuza nyuma utaona, kanvasi halisi nyuma inaonyesha nyuzi. Bodi haina kulegea wala mstari wa mbao, inavumilia mkono mzito, na nafasi haichukui. Ubaya wake inapinda ikilowa upande mmoja, basi paka nyuma koti ya jeso au hata rangi iliyobaki ili pande zote mbili zivutane sawa. Karatasi nene ya gramu 300 uliyozoea nayo usiiache, ukiipaka jeso koti moja inakuwa sehemu nzuri sana ya kujifunzia uso unavyofanya kazi.

Kwa picha ya bibi chukua kanvasi moja ya pamba iliyovutwa kwenye fremu, nyuzi ndogo ndogo zilizobanana, kati ya sm 30 kwa 40 na sm 40 kwa 50. Wanaoanza wanapenda ndogo sana wakidhani ni rahisi, lakini uso wa sm 8 unataka brashi za nywele chache na mkono wa sonara. Kubwa sana nayo inakula rangi na inakauka sehemu moja kabla hujafika nyingine. Fanya majaribio kwenye bodi za sm 15 kwa 20, huo ni uwiano uleule wa 30 kwa 40, kwa hiyo mpangilio ukikubali kwenye ndogo unauhamisha kwenye kubwa bila kukata kichwa wala bega. Pakiti yako uliyonayo itumie kwa haya majaribio, na ile kubwa ukishaikaza ifanye mandhari.

Ukiwa dukani usinunue kwa kuangalia mbele tu. Toa plastiki kama wanaruhusu, ilaze kwenye meza uone kona zote nne zinagusa, iliyopinda haitanyooka nyumbani. Pima kona kwa kona kwa uzi au futi, pande zote mbili zilingane, zisipolingana fremu haina pembe mraba na utaliona hilo siku ya kuiwekea fremu ya nje. Bonyeza katikati kwa kidole gumba, ishuke kidogo na irudi. Angalia mafundo ya nyuzi sehemu ambayo uso utakaa, fundo dogo pembeni si tatizo. Ukingo wa sm 2 hivi unatosha kama utaiweka kwenye fremu, ule mnene wa karibu sm 4 ni kwa wanaotaka kutundika bila fremu na kupaka pembeni, na hapo hakikisha pini za stepla ziko nyuma siyo ubavuni. Ukivuka sm 80 hivi upande mmoja tafuta yenye ubao wa kukatiza katikati nyuma, bila huo mbao zinajikunja.

Hata na kanvasi nzuri akriliki bado itakauka haraka kuliko unavyotaka, hiyo ndo asili yake. Zima feni, sogea mbali na jua, pulizia ukungu wa maji kidogo kwenye kanvasi na kwenye sahani ya rangi, na kwa sehemu unazotaka zichanganyike laini kama shavu, ongeza kidogo ile midiamu ya kuchelewesha kukauka, kidogo kweli kama kopo linavyosema, ikizidi rangi inabaki inanata. Kwenye baridi chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi hivi usichore kabisa maana zile chembe hazitaungana vizuri na utando unatoka dhaifu. Na ukimaliza usiifunge picha na plastiki inayogusa uso, akriliki inalainika kwenye joto, plastiki itaganda juu na itatoka na rangi. Acha hewa katikati.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ukiweza kumpata mwalimu wa uchoraji au mchoraji mwenye karakana, nenda na kanvasi yako moja uliyoipaka jeso na moja usiyoipaka, mwombe akuangalie unavyochora dakika kumi tu, ataona kiasi cha maji unachobeba kwenye brashi na nguvu ya mkono wako, vitu ambavyo mi siwezi kuviona kwa swali la maandishi. Fremu ikiwa imepinda baada ya kumaliza picha usijaribu kuinyoosha kwa nguvu mwenyewe, mpelekee fundi wa fremu, anaweza kukitoa kitambaa na kukivuta kwenye mbao mpya bila kuumiza rangi. Kitambaa kikichanika, au ukungu ukianza nyuma, nayo ni ya kumpelekea mtu anayejua. Na ikitokea kifua kinabana au ngozi inawasha ukiwa unapiga msasa jeso, acha hapohapo, fungua madirisha, na isipoisha muone daktari ukiwa na kopo mkononi ili asome kilichomo.